Miaka minne ya kutafuta zawadi katika maduka ya mitumba: uzoefu wangu

Kwa miaka minne sasa, karibu zawadi zote ninazowapa ndugu na marafiki zimetoka katika maduka ya mitumba, na sikuanza kwa sababu ya ufinyu wa mfuko. Nilikuwa nimekwenda kutafuta kabati dogo la vitabu, nikakuta chini ya rafu sanduku la mbao lenye sataranji iliyochongwa kwa mkono, ubao wake umefifia pembeni lakini kete zake zingali nzito na laini. Nilimkumbuka mjomba papo hapo, kwa kuwa yeye hucheza barazani kwa kete nyepesi za plastiki ambazo upepo kidogo tu huziangusha. Niliketi sakafuni nikazihesabu: zilitakiwa kuwa 32, yaani 16 kwa kila upande, lakini zilikuwa 31. Farasi mmoja mweusi hakuwapo. Muuzaji, ambaye hakuwa na habari ya upungufu huo, alipunguza bei kabla sijamwomba, nami nikampelekea seremala yule farasi aliyebaki awe kielelezo cha kuchongea mwenzake. Mjomba aliipokea akiwa kimya, akazipanga kete zote ubaoni, kisha akaniita nikae tucheze.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba maduka haya humfaa mtu anayeingia akiwa na mlengwa kichwani, na humchosha mtu anayeingia kutafuta tu “zawadi nzuri”. Katika duka la vitu vipya bidhaa zimepangwa kwa ajili yako, na kuna hata kona ya zawadi za harusi na kona ya zawadi za watoto. Katika duka la mitumba hakuna aliyekupangia chochote: mtungi wa kauri umekaa kando ya viatu vya mpira, na fremu ya picha iliyo bora kuliko zote imefichwa nyuma ya picha mbaya. Kwa hiyo nina daftari dogo ambamo naandika vipimo vya watu wangu, rangi wasizozipenda, na hasa maneno wanayoyasema bila kukusudia. Dada aliwahi kulalamika kwamba masweta ya siku hizi hayamfiki kwenye vifundo vya mikono. Niliandika, na miezi saba ikapita kabla sijalipata sweta la mikono mirefu.

Kuhusu nguo nitasema mengi kidogo, kwa sababu ndiko mnunuzi mgeni hukosea zaidi. Saizi iliyoandikwa kwenye lebo haiaminiki, kwani watengenezaji hawafuati kipimo kimoja, na nguo iliyokwisha kufuliwa mara nyingi huenda imenywea au imelegea. Mimi hupima nguo ambayo mlengwa anaipenda, kifua na urefu wa mkono, kisha naingia dukani na utepe wa kupimia. Nguo naiinua kwenye mwanga ili matundu yaonekane, naigeuza ndani nje nitazame kwapa, kola na pindo, kisha naifungua na kuifunga zipu mara tatu. Kifungo kilichopotea si kasoro, bali ni kazi ya dakika tano. Jasho lililogandisha kitambaa cha kwapani ni kasoro ambayo bado sijaona sabuni ya kuiondoa, na nguo ya namna hiyo nairudisha mahali pake hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Sufu ina adui wake, naye ni nondo wa nguo. Wengi hudhani kwamba nondo mwenyewe ndiye anayekula, kumbe ni viwavi wake, ambao hula protini inayojenga sufu, manyoya na nywele. Mayai ni madogo mno, na nguo inaweza kuonekana salama dukani ikayabeba hadi kabatini mwa mtu unayempenda. Lile sweta la dada nililitia ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, nikaliacha kwenye friza kwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa muda wa wiki mbili, kisha nikalifua kwa maji ya baridi na kulianika likiwa limelazwa bapa, kwa maana sufu ikining'inizwa mbichi hurefuka. Kazi hii haikwepeki. Mtu asiye na nafasi ya kufua, kukausha na kushona kabla ya kutoa zawadi namshauri atafute katika vitu vya mbao, vya chuma na vya kioo.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni rafu za vitabu. Rafiki yangu alipokuwa akikaribia kutimiza miaka hamsini, nilitaka nimpe kitabu kilichochapishwa mwaka aliozaliwa, naye alizaliwa mwaka 1972. Hapo niligundua kwamba ukurasa wa hakimiliki, ule ambao wasomaji huuruka, una mambo mengi ya kusomwa. Mwaka wa toleo la kwanza unaweza kuwa tofauti na mwaka wa uchapaji wa nakala iliyo mkononi, na ni rahisi kudanganyika ukisoma mstari wa juu pekee. Namba ya ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, nayo husaidia, kwani utaratibu huo ulikubaliwa kimataifa mwaka 1970, na tangu Januari 2007 namba zenyewe zina tarakimu 13 badala ya 10. Nakala yenye tarakimu 13 haiwezi kuwa ya miaka ya sabini, hata muuzaji aseme nini. Nilichokipata hatimaye ni kitabu cha ndege chenye michoro ya rangi, cha mwaka uleule wa 1972, na ndani yake mtu asiyejulikana alikuwa ameandika kwa penseli tarehe alizoona kila ndege. Nilijiuliza kama niyafute maandishi hayo. Niliyaacha, na rafiki yangu ameendelea kuandika zake chini yake.

Harufu ya ukungu, hata hivyo, sikubaliani nayo. Kitabu chenye ukungu huweza kuambukiza vingine vilivyo jirani nacho kabatini.

Kwa vito na vyombo vya fedha, alama ndogo zilizogongwa kwenye chuma hueleza mengi. Namba 925 maana yake ni kwamba sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha halisi. Kwa dhahabu, 750 ni karati 18 na 585 ni karati 14. Herufi EPNS huonyesha kuwa chombo ni cha mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki kilichopakwa fedha kwa njia ya umeme, jambo ambalo si aibu, ila lisiuzwe kwa bei ya fedha tupu. Hubeba sumaku ndogo, kwa kuwa fedha na dhahabu hazivutwi nayo. Lakini shaba nayo haivutwi, kwa hiyo sumaku inaweza kukufichulia chuma kilichojificha chini ya rangi, si kukuthibitishia kwamba kitu ni cha thamani. Shangazi anavaa bangili niliyoipata kwa njia hii, ikiwa nyeusi tititi kwa kukaa muda mrefu, ambayo ilirudi kung'aa baada ya kusuguliwa taratibu kwa kitambaa laini.

Yako mambo yaliyoniumiza pia. Binamu yangu nilimnunulia redio ya mezani yenye sanduku la mbao, baada ya kuambiwa dukani kwamba imejaribiwa na inafanya kazi. Sikugeuza nyuma kuangalia. Kumbe kibati chake kilisomeka volti 120 pekee, karibu nusu ya umeme unaotumika nyumbani kwake, na alipoichomeka mbele ya wageni ilitoa moshi. Niliporudi dukani nilionyeshwa tangazo lililobandikwa mlangoni kwamba vitu vya umeme havirudishwi. Sheria yao ilikuwa wazi, na ni mimi niliyepaswa kuisoma, lakini neno “imejaribiwa” halikupaswa kutamkwa na mtu ambaye hakuichomeka. Siku hizi kitu cha umeme nisichokiona kikiwaka mbele yangu sikichukui, na waya ulioparara au kufungwa kwa utepe unanitosha kuachana nacho.

Viko pia vitu ambavyo singempa mtu hata kama vingekuwa vya bure. Kofia ngumu ya pikipiki au ya baiskeli ikishapata dhoruba moja huweza kupoteza uwezo wake wa kulinda kichwa bila ufa wowote kuonekana nje, na kiti cha mtoto cha garini ni vivyo hivyo. Midoli ya zamani iliyopakwa rangi inaweza kuwa na madini ya risasi. Marekani iliipiga marufuku rangi ya aina hiyo katika nyumba na midoli mwaka 1978, jambo linaloonyesha kwamba ilikuwa ikitumika sana kabla ya hapo. Sahani za kauri za kale zenye rangi kali nazo nazitoa kama mapambo ya ukutani, nami humweleza anayepokea asizitumie mezani.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama huwa nawaambia kwamba zawadi imetumika. Huwaambia, tena siku hiyohiyo. Mama alisita mwanzoni, kwa kuwa kwake kitu kilichotumika kilimaanisha kwamba hakuthaminiwa, na hisia hiyo niliiheshimu. Mwaka ule nilimpa kitambaa kipya. Mwaka uliofuata aliniona nikisugua kutu kwenye mkasi mzito wa kushonea, nikiupeleka kwa fundi ukanolewe, nikiurudisha na kuujaribu kwenye mabaki ya kitambaa, akauliza ni wa nani. Ulikuwa wake. Naamini kutengeneza ni nusu ya zawadi, na wazo hili si geni hata kidogo katika biashara hii: mchungaji Edgar Helms alipoanzisha kazi iliyokuja kuwa Goodwill, shirika la Marekani lenye maduka ya mitumba, mjini Boston mwaka 1902, alikusanya nguo na vyombo vilivyotumika akawaajiri watu maskini wavikarabati kabla ya kuuzwa.

Kama huduma, basi, nayapa maduka haya sifa kubwa kwa wingi na uimara wa vitu, na sifa ndogo kwa maelezo ya wauzaji, ambao mara nyingi hawajui walichonacho. Yanahitaji muda. Kati ya ziara tatu, mbili narudi mikono mitupu, na anayehitaji zawadi ya kesho jioni aende kwingine. Nimeona ni afadhali kupita mara kwa mara kwa dakika ishirini kuliko kuchambua rafu siku nzima, na kuwauliza wahudumu ni siku gani hutoa mzigo mpya, kwani swali hilo hulijibu kwa furaha.

Ukurasa wa mwisho wa daftari langu sasa una jina la mjomba tena. Anatafuta saa ya sataranji, ile yenye nyuso mbili na vitufe viwili juu, ya kutia ufunguo. Nimeiona moja yenye mshale uliokatika, nikaiacha. Jana nilipita tena, nayo bado ipo.