Dawa za mimea za kukoma hedhi: ipi inastahili hela yako

Ukiingia duka la dawa za Kisunna au famasi ukaulizia dawa ya joto la kukoma hedhi, mara nyingi utaonyeshwa vitu vinne: uwatu, soya, kapsuli za black cohosh, au chupa ya mchanganyiko wa muuzaji mwenyewe. Tumevipima kwa maswali mawili tu. Je, kinapunguza joto la ghafla na jasho la usiku? Na kikidhuru, kinadhuru wapi?

Black cohosh ndiyo ghali na ndiyo inayosifiwa kuliko zote. Ni mzizi wa Actaea racemosa, mmea wa mashariki mwa Amerika Kaskazini. Ukiona lebo imeandikwa Cimicifuga racemosa, ni kitu kilekile kwa jina la zamani. Bidhaa iliyofanyiwa majaribio mengi ni Remifemin ya Ujerumani, iliyoko sokoni tangu 1956: kidonge cha dondoo kinacholingana na 20 mg za mzizi, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Halafu geuza makopo mengine usome nyuma. Yapo yenye zaidi ya 500 mg kwa kapsuli moja, lakini huo ni unga wa mzizi uliosagwa tu, si dondoo. Namba hizo mbili hazilinganishiki, kwa hiyo ukubwa wa namba usikuvute.

Je, inafanya kazi? Mapitio ya 2012 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 16 yenye wanawake 2,027, na hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba inaishinda kapsuli tupu, yaani isiyo na dawa ndani. Tatizo ni kwamba kapsuli tupu nayo hupunguza joto kwa wanawake wengi, na dalili zenyewe huja na kuondoka. Kama umeamua kujaribu, chukua daftari, hesabu vipindi vya joto kwa wiki nzima kabla ya kumeza chochote, kisha endelea kuhesabu kwa wiki 8. Kama havijapungua hadi karibu nusu, hilo kopo lisinunuliwe tena. Mwenye ugonjwa wa ini asiiguse kabisa, kwa kuwa kuna taarifa za watu walioumia ini wakiitumia. Macho yakianza kuwa ya manjano au mkojo ukawa kama chai ya rangi, acha siku hiyohiyo uende hospitali na kopo mkononi.

Soya tunaipa nafasi ya kwanza, ingawa miongozo ya 2023 ya Chama cha Kukoma Hedhi cha Amerika Kaskazini haikuipendekeza kama tiba ya joto. Sababu yetu ni nyepesi: ni chakula, ni rahisi, na isipokusaidia umekula maharage. Nusu kikombe cha soya iliyopikwa, kama 86 g, kina takriban 50 mg za isoflavoni, kemikali za mmea zinazofanana kidogo na homoni ya estrojeni, na kiasi cha aina hiyo ndicho kilichotumika kwenye majaribio mengi. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha mpaka ziminyike kwa vidole. Isiyoiva vizuri ina vizuizi vinavyokwamisha umeng'enyaji wa protini, na tumbo litakuambia. Mafuta ya soya na sosi ya soya havihesabiki. Isoflavoni humo ni kama hakuna. Uji wa lishe wenye kijiko cha soya kwenye kilo ya mahindi nao usiuhesabu. Anayemeza levothyroxine, dawa ya tezi ya shingo, aitenganishe na soya kwa saa kadhaa, na aliyewahi kuugua saratani ya matiti aongee na daktari kabla ya kununua soya ya kapsuli.

Uwatu ndio unaotutia wasiwasi, kwa sababu kila mtu anauona kama kiungo cha jikoni tu. Kijiko kimoja cha chai kilicholowekwa usiku hakina neno kwa mtu mzima wa afya, mbali na jasho kunuka utamu kama sharubati. Lakini uwatu hushusha sukari. Mama mwenye kisukari anayetumia glibenclamide au insulini akiongeza uwatu, sukari inaweza kushuka mno, na dalili zake ni jasho, moyo kwenda mbio na kutetemeka. Atadhani ni joto la kukoma hedhi limezidi, ataongeza kijiko cha pili. Hapo dawa ya kwanza ni kipimo cha sukari, siyo uwatu.

Chupa ya mchanganyiko isiyo na lebo hatuipi alama yoyote. Tanzania, muulize muuzaji namba ya usajili ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Akianza kukuonyesha picha za wateja, rudisha pesa mfukoni. Zenye lebo nazo zisomwe mpaka chini. Baadhi ya kapsuli za kukoma hedhi zina mmea uitwao St John's wort, ambao hupunguza nguvu ya dolutegravir mwilini, na hiyo ndiyo ARV ya wengi siku hizi. Zenye kalsiamu au madini ya chuma pia hukwamisha dolutegravir isifyonzwe: meza ARV muda wa saa 2 kabla ya kapsuli hizo au muda wa saa 6 baada yake, ama vyote kwa pamoja na chakula.

Jasho la usiku lenye kikohozi au kukonda ni la kupimwa TB kwanza. Damu ikitoka tena baada ya miezi 12 bila hedhi, hata tone, ni ya kuonwa na daktari. Hakuna mzizi wa kuchemshia hilo.

Na ukavu ukeni? Katika vyote vinne hatuoni cha kutegemea. Nunua kilainishi cha maji famasi. Mafuta ya nazi au ya mgando yanalainisha vizuri, ila yanapasua kondomu.