Udi wa nyuzi 11 au wa 13?

Hapa Lamu ubishi huu wa wapiga udi, ile ala ya muziki ya nyuzi, hauishi. Udi wa 11 una jozi tano za nyuzi na uzi mmoja mnene wa besi. Kwa kumfuata mwimbaji wa taarabu watosha kabisa: shingo nyembamba, seti ya nyuzi bei nafuu, na kuulinganisha ni haraka. Hilo la mwisho ni kubwa kwetu. Unyevu wa bahari huchezea mbao, na nyuzi za jozi zikipishana sauti hata kidogo mlio hukwaruza, basi harusini vigingi vya kukazia nyuzi havikupi nafasi ya kupumzika.

Wa 13 huongeza jozi ya sita. Ukiifunga kwa sauti ya juu kabisa, kwenye noti ya fa, kama alivyopiga mpiga udi Munir Bashir wa Iraq, taksimu, yaani upigaji wa peke yako wa kubuni papo hapo, hupaa bila mkono kukimbilia mwisho wa shingo. Mimi huupenda mno. Ila nyuzi zaidi huvuta uso wa udi zaidi, na daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi usoni, la udi mwepesi laweza kubanduka.

Mwanafunzi na msindikizaji, chukueni 11. Anayepiga peke yake atafute wa 13 uliojengwa hivyo tangu mwanzo, si wa 11 uliotobolewa vigingi vipya.