Chuo cha wachungaji: bweni moja mjini au vituo majimboni?

Bweni la mjini lina maktaba, walimu wa kudumu na njia nyepesi ya kupata ithibati, yaani kutambuliwa rasmi. Ila mwanafunzi huacha usharika na familia kwa miaka, na wengine wakishauzoea mji hawarudi.

Vituo vya majimboni humwacha mtumishi kazini: anasoma wiki moja kila mwezi, Jumapili yuko madhabahuni kwake. Kinachoua vituo hivi mara nyingi ni safari ya mwalimu, wala si jengo. Akichelewa siku moja kati ya tano za masomo, moja ya tano ya vipindi imekwenda. Kwa hiyo pima saa za njiani wakati wa masika, si kilomita za kwenye ramani. Kiebrania na Kigiriki, lugha za asili za Biblia, hata hivyo, vipelekwe bwenini. Lugha inataka mazoezi ya kila siku.