Kuunganisha matawi yenye laini tofauti: ununue nini kwanza

Kama makao makuu yana faiba, tawi moja lipo kwenye 4G na lingine liko mbali huko linategemea setelaiti, usihangaike kuyalazimisha yote yawe na laini ya aina moja, hapo ndo hela nyingi inapotelea. Zote zinabeba IP (lugha ya data ya intaneti), unapitisha VPN juu yake, yaani njia ya siri ndani ya intaneti, na matawi yanaonana vizuri tu.

Namba 1 kwangu ni intaneti ya faiba kila inapofika, rauta inayofanya IPsec au WireGuard (aina mbili za VPN), na 4G ya akiba. Ila laini nyingi za simu zinakuweka nyuma ya CGNAT, yaani wateja wengi mnatumia anwani moja ya nje, ukiona rauta imepewa anwani kati ya 100.64 na 100.127 jua hakuna anayeweza kuifikia kutoka nje, kwa hiyo tawi ndo lianzishe VPN kwenda makao makuu, na huko ndo ulipie IP ya umma, anwani inayofikika kutoka nje. Halafu MTU jamani, ukubwa wa juu wa paketi (kipande cha data) inayopita kwenye laini! Ikikosewa, pingi (kipimo kidogo cha kuona kama upande wa pili unajibu) inajibu, lakini faili kubwa haliendi na ukurasa unazunguka tu. Kawaida ni baiti 1500, PPPoE (njia ya kuingia mtandaoni kwa jina na nywila kwenye baadhi ya laini) inakula 8 inabaki 1492, WireGuard yenyewe inashuka hadi 1420, sasa ukinunua rauta isiyokuruhusu kushusha MTU na kubana MSS (kiasi cha data ndani ya kila paketi) utateseka bure.

Namba 2 SD-WAN, mfumo unaosimamia laini zako zote kwa programu, matawi yakiwa mengi na kila moja lina laini mbili. Inapima ucheleweshaji na paketi zinazopotea, inahamishia simu kwenye laini iliyo nzuri muda huo. Muulize muuzaji leseni ikiisha kifaa kinaendelea kupitisha data au kinazima.

Namba 3 MPLS, mtandao binafsi unaokodi kwa kampuni ya simu. Imetulia, unapewa viwango kwenye mkataba, lakini ni ghali na yenyewe haisimbi data (haiifichi isisomwe na wengine), wengi wanadhani inasimba.

Majengo yakionana kwa macho, redio mbili juu ya paa zinamaliza kazi.

Setelaiti ya mwisho, pale pasipo na kingine. Zile za juu zipo karibu kilomita 36,000 angani, pingi inagonga kama milisekunde 600 na kwenye simu watu wanakatishana maneno. Kama zile za chini kama Starlink, zinazoruka kilomita 500 hivi, zinapatikana, chukua hizo.

Na kabla hujatoa hela kagua anwani za ndani, matawi mawili yote yakiwa kwenye 192.168.1.0/24, yaani kundi lilelile la anwani, zitagongana na hayataonana kirahisi, badilisha moja kwanza.