Kisanduku cha USB kilichomaliza mvumo kwenye risiva yetu ya zamani

Mwenye risiva ya zamani (ile ya kukuzia sauti ya spika, si king'amuzi cha dishi) isiyo na HDMI, tundu la kisasa la picha na sauti, ambaye kila akiunganisha kompyuta spika zinavuma, anunue kisanduku hiki cha kutolea sauti ya kompyuta. Nimekichukua Ngamiani hapa Tanga, duka dogo la vifaa vya umeme mitaa ya karibu na soko la Mgandini, kwa shilingi 38,000. Waya wake wa mwanga wa mita 2 ni shilingi 12,000 zaidi. Kinaenea kiganjani: upande mmoja unachomekwa USB ya kompyuta, upande wa pili kuna matundu ya jeki na kitundu kimoja cha mraba chenye kimlango. Hicho cha mraba ndicho kilichonitoa nyumbani. Mafundi wanakiita optikali.

Risiva yetu ni Yamaha aliyokuja nayo mjomba alipomaliza kazi Maskati. Nguvu inayo, sauti yake tamu, na sitakubali itupwe kwa sababu tu laptopu za siku hizi haziongei nayo moja kwa moja. Nyuma ina matundu mekundu na meupe na mawili ya optikali. Laptopu nayo ina tundu la hedifoni, USB na HDMI, basi.

Njia ya kawaida ni waya wa jeki, unatoka tundu la hedifoni kwenda kwenye mekundu na meupe. Ni rahisi, unapatikana kila kona, na nyumba nyingi unafanya kazi vizuri. Kwetu ulileta mvumo mzito usiokoma, hata muziki ukiwa umesimama. Ukichomoa chaji ya laptopu, kimya. Ukiirudisha, unaanza tena. Ukiona hivyo usilaumu risiva wala spika. Chaji ya pini tatu imeshika ardhi kwa njia yake, na risiva imeshika ardhi kwa njia nyingine, kwetu kupitia runinga na waya wa dishi. Mkondo mdogo wa umeme unazunguka kati ya njia hizo mbili ndani ya waya wa sauti, na risiva, ambayo kazi yake ni kukuza kila kinachoingia, inaukuza na huo. Umeme wetu ni wa herzi 50, ndiyo maana mvumo wenyewe ni mzito.

Kuna fundi alinishauri nikate pini ya ethi, yaani ya ardhi, kwenye chaji. Mvumo ungekwisha kweli, lakini pini ile ipo ili hitilafu ikitokea umeme usipite kwa mtu. Nina watoto wanaoshika laptopu ile. Nilikataa, na ninakuomba nawe ukatae, hata fundi awe jirani yako wa miaka.

Optikali inatibu ugonjwa wenyewe. Sauti inasafiri kama mwanga mwekundu ndani ya uzi wa plastiki. Shaba hakuna, kwa hiyo umeme hauna pa kupita. Si teknolojia mpya, Toshiba waliitoa mwaka 1983 kwa ajili ya mashine za CD, na ndiyo maana risiva nyingi za zamani zinayo. Kwetu sisi watu wa pwani ina faida nyingine: ile kutu ya kijani inayokula pini za shaba kwa upepo wa chumvi haiipati plastiki. Muhimu ni kuziba kimlango usipotumia, vumbi lisiingie, na kutoukunja waya kwa nguvu.

Muuzaji naye apewe haki yake. Nilipotoa pesa alinizuia: “Dada, usilipe kwanza, tukiwashe ukione.” Akachomeka kwenye laptopu niliyokwenda nayo, Windows ikakitambua bila CD wala programu, mwanga mwekundu ukaonekana kwenye ncha ya waya. Akanionyesha pia vifuniko viwili vya plastiki vya ncha zile, kwamba vitolewe kabla ya kuchomeka. Huduma ya namna hii ndiyo inayonirudisha dukani.

Nyumbani, bonyeza alama ya spika kwenye kompyuta, chagua tokeo la dijitali la kisanduku, kisha kwenye risiva chagua tundu la optikali ulilochomeka. Sauti ya kompyuta ipandishe hadi mwisho, kuongeza na kupunguza ufanye kwa rimoti ya risiva.

Jaribio langu halikuwa la filamu za milipuko. Niliweka dansi la zamani la hapahapa Tanga, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Mwanzoni sauti yote ilijazana spika ya katikati. Sababu ni kwamba risiva ilikuwa kwenye Pro Logic, mpangilio unaogawa sauti ya njia mbili kwenye spika nyingi, na rekodi nyingi za enzi hizo ni za mono, yaani sauti ya njia moja. Pro Logic ikikuta kushoto na kulia ni kitu kimoja, inakipeleka katikati. Nikaiweka kwenye stereo, spika mbili kubwa zikafunguka. Mjomba alikuwa kibarazani, akaingia na kukaa. “Mwanangu, gitaa la pili hilo, lilikuwa wapi siku zote?” Lilikuwa chini ya mvumo. Kwa sauti ile peke yake nimeridhika na pesa yangu.

Sasa neno kwa wanaovutwa na maandishi ya 5.1 kwenye boksi, yaani sauti ya chaneli sita, kila chaneli na spika yake. Optikali haina nafasi ya kupitisha chaneli sita zisizobanwa. Inapitisha mbili, au sita zilizobanwa kwa Dolby Digital au DTS, mifumo ya kubana sauti za filamu. Filamu yenye sauti hiyo ukiicheza kwa programu ya VLC na kuiruhusu ipite bila kufumuliwa, risiva itaifumua yenyewe na spika za nyuma zitalia. Wakati huo kitelezi cha sauti cha kompyuta hakifanyi kazi, usishtuke. Michezo ya kompyuta na video nyingi za mtandaoni zitatoka chaneli mbili tu. Boksi lingesema hivyo waziwazi, maana kijana anayenunua kwa ajili ya michezo atavunjika moyo.

Dosari nyingine ni waya wa USB wa kisanduku, ni mfupi mno, kinaning'inia pembeni ya meza. Nimekibandika kwa gundi ya karatasi.

Risiva yako ikiwa na HDMI inayopokea sauti, usihangaike na haya yote. HDMI inabeba hadi chaneli nane bila kubana, na waya pengine unao tayari. Na vile vipokezi vya Bluetooth vya bei rahisi nimevisikia kwa jirani: kwa muziki vinafaa, kwa filamu midomo inatangulia na maneno yanafuata. Kwa shilingi 50,000 jumla, wenye risiva kama yetu wachukue kisanduku, na waende na laptopu yao dukani wakijaribu kabla ya kulipa.