Nimekodi wasifu wa Ian Fleming hapa Majengo, na James Bond kanipungukia thamani

Wapenzi wa hadithi za ujasusi mlioko Dodoma, jirani na soko la Majengo kuna kibanda cha vitabu vya mtumba kinachokodisha. Shilingi 1,000 kwa wiki, unaacha amana ya 5,000 ambayo unarudishiwa kitabu kikirudi salama. Mimi nilichukua wasifu wa Ian Fleming, Mwingereza aliyemtunga James Bond. Ni cha Kiingereza, tena kizito, lakini pesa yangu imekwenda panapostahili.

Sisi tuliokulia kwa riwaya za Willy Gamba za Elvis Musiba tumezoea kachero asiyeshikika. Fleming mwenyewe, kumbe, Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliipigana zaidi ofisini: alikuwa msaidizi wa Admeri John Godfrey, mkuu wa ujasusi wa jeshi la wanamaji la Uingereza. Huyo Godfrey, bosi mkali, ndiye anayetajwa sana kuwa M, mkubwa wa Bond hadithini. Jina la Bond nalo ni la mtaalamu wa ndege wenye manyoya, mtu wa Philadelphia, Marekani, aliyeandika kitabu cha ndege wa Karibi mwaka 1936. Fleming alikuwa akiandika Jamaika, akataka jina la kawaida lisilo na mbwembwe, akajichukulia hilo.

Ila utamu wote uko kwa Dusko Popov. Mserbia, mpenda starehe, Wajerumani wakiamini ni jasusi wao kumbe anawatumikia Waingereza. Mwaka 1941 Fleming alipitia kasino ya Estoril, Ureno, na Popov alikuja kusimulia kwamba Fleming alimshuhudia pale akimwaga kitita mezani kumnyamazisha mcheza kamari mwenye majigambo. Hiyo ni Bond mtupu. Lakini Agosti mwaka huohuo Popov alifika Marekani na orodha ya maswali aliyopewa na Wajerumani, kadhaa yakiihusu Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani huko Hawaii. FBI, idara ya upelelezi ya Marekani iliyoongozwa na Hoover, haikumwamini. Desemba 7 Wajapani wakaishambulia Pearl Harbor. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikakaa kimya, kwa uchungu kabisa.

Mwingine anayefananishwa na Bond ni Patrick Dalzel-Job, ofisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza. Mwaka 1940 huko Narvik, Norwei, aliamriwa aache kuwahamisha raia. Akaikaidi amri, akaendelea kuwapakia kwenye boti, maelfu wakapona kabla mji haujapigwa mabomu. Baadaye alikuwa katika kikosi cha makomando kilichoanzishwa kwa juhudi za Fleming. Wanaomwita Bond halisi aliwakatalia: hakuwa mlevi, na alimpenda mwanamke mmoja tu. Kwangu mimi huyu anamzidi Bond kwa mbali. Fleming naye hakumtaja mtu mmoja. Alisema Bond ni mchanganyiko wa majasusi na makomando aliokutana nao vitani.

Kasoro ipo. Kurasa za picha katikati zimenyofolewa zote, na mimi nilitamani sana kuiona sura ya Popov. Nilipokirudisha nikamwambia mwenye kibanda:

“Shikamoo mzee. Hiki kitabu picha zake hazimo.”

“Marahaba mwanangu. Nilikinunua hivyohivyo, ningekwambia mapema. Nipe mia saba badala ya elfu.”

Huduma ya namna hiyo naipa nyota nne bila kusita. Ya tano naibakiza mpaka aanze kukagua vitabu kabla ya kukodisha. Ukikuta kimechukuliwa, mwambie akuandike kwenye daftari lake. Akikupangia siku hakuzungushi.