Nyumba 8 Iwambi: ofisi iliyotupangia hela ya mradi

Tuko ndugu wanne, tuna shamba la mzee huku Iwambi, Mbeya, tukaona badala ya kuuza viwanja kimoja kimoja tujenge nyumba 8 tuuze. Fundi alishatupigia hesabu ya nyumba moja, sisi tukazidisha mara 8 tukajua tumemaliza. Nashukuru shemeji akatupeleka kwenye ofisi ya wakadiriaji majenzi pale mjini, wanakuandalia BOQ (orodha ya vifaa na kazi zote na bei zake) pamoja na mpango wa fedha wa mradi mzima.

Aisee. Yule dada mkadiriaji aliyetuhudumia hakuanza na bei ya tofali, alituuliza hela inaingia mwezi gani na inatoka mwezi gani. Tukakosa jibu. Akatuchorea jedwali la mwezi kwa mwezi, ndo tukaona mwezi wa saba tangu tuanze mfuko umekauka na hakuna nyumba hata moja iliyofika lenta, maana hatukuweka upimaji, hati, barabara ya kuingilia, kuvuta maji wala nguzo za TANESCO, na vyote hivyo unalipa kabla hujauza hata chumba. Akashauri tujenge 3 kwanza, tukiuza ndo tuanze nyingine, na mkopo wa benki tuuombe wa kutolewa kwa awamu ili riba ihesabiwe kwenye kile tulichochota tu. Na hela za wateja wanaotanguliza zikae kwenye akaunti tofauti, zisiguswe mpaka nyumba ifike hatua iliyoandikwa kwenye mkataba. Hapo nilimkubali kabisa, kuna watu nawajua walitoa hela zao mpaka leo wana msingi ulioota majani.

Halafu wanaijua Mbeya. Mvua zikianza Novemba ni mpaka Aprili, lori la mchanga halipandi, mafundi wamekaa, riba inaendelea kuhesabiwa. Kwa hiyo misingi na kupaua wamevipanga kiangazi, na asilimia 10 ya dharura iko pembeni.

Kilichoniudhi, bei za saruji na nondo waliziandika bila VAT ya asilimia 18! Kaka mkubwa ndo aligundua. Walirudia bure ila tulisubiri wiki tatu na simu hawapokei, kwa kazi ya hela nyingi hivi sio sawa kabisa.

Ada yao imetuuma, tulichanga, lakini ningelipa tena. Ukienda taja hela mliyonayo kweli, mdogo wetu aliongeza kidogo siku ya kwanza na jedwali lote likabidi lianze upya. Sisi tunachimba msingi mwezi wa tano.